Samahani Isiyoshibisha: Ireland, Mabenki na Kiti cha Maswali

Alhamisi, tarehe 16 Julai 2015, Bertie Ahern, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Ireland tangu 1997 hadi 2008, aliketi mbele ya kamati ya bunge iliyokuwa ikichunguza chanzo cha kuanguka kwa mabenki ya nchi hiyo. Aliomba radhi kwa makosa yake. Kisha, kabla radhi hiyo haijatua masikioni mwa wasikilizaji, akaongeza kwamba anafurahi pia kuwa yapo mengi aliyoyafanya sawasawa. Sehemu hiyo ya pili ndiyo iliyobaki vinywani mwa watu. Wenye hasira walisema hajajuta. Waliomtetea walisema amesema kweli, kwani hakuna kiongozi aliyekosea yote.

Huwa ninawaonyesha wanafunzi wangu picha za mahojiano ya aina hii. Mwaka mmoja kijana aliyeketi nyuma ya darasa aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, baada ya hapo alifanywa nini?" Nikamjibu kwamba hakufanywa kitu, kwa sababu kamati haikuwa na uwezo wa kumfanya kitu. Akaniuliza tena: "Sasa walimwita wa nini?" Makala haya ni jaribio la kumjibu kijana yule kwa utulivu zaidi kuliko nilivyomjibu siku ile.

Kwanza tukumbuke kilichotokea. Kwa zaidi ya muongo mmoja Ireland ilisifiwa kama mfano wa kuigwa na mataifa madogo. Uchumi ulikua, kodi zikapunguzwa, na vijana ambao zamani walihamia London na Boston wakabaki nyumbani. Lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukuaji huo uliegemea zaidi na zaidi juu ya nyumba na viwanja. Mabenki yalikopa nje kwa wepesi, yakawakopesha wajenzi na wanunuzi kwa wepesi uleule, na serikali ikazoea mapato ya ushuru wa mauziano ya majengo kana kwamba ni mvua isiyokatika. Wachumi wachache walioonya walibezwa. Ahern mwenyewe, mwaka 2007, aliwashambulia walalamishi kwa maneno makali kiasi kwamba alilazimika kuomba radhi.

Usiku wa kuamkia tarehe 30 Septemba 2008, benki ya Anglo Irish ikiwa ukingoni, serikali ya Brian Cowen, aliyempokea Ahern uongozi miezi michache kabla, iliamua kuyadhamini madeni ya mabenki yote makuu ya nchi. Mawaziri wengi walitoa ridhaa yao kwa simu. Dhamana ile ilikuwa ya takriban euro bilioni 440, zaidi ya mara mbili ya pato la taifa la mwaka mzima. Mwishowe mabenki yalimeza kiasi cha euro bilioni 64 za umma. Novemba 2010 Ireland ilipiga goti mbele ya Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa ikapokea mpango wa mkopo wa bilioni 85, ambazo bilioni 17.5 kati yake zilitoka katika akiba yake yenyewe. Mishahara ikakatwa, kodi mpya zikaja, ukosefu wa ajira ukakaribia asilimia 15, na vijana wakaanza tena kufunga mizigo.

Katika hali hiyo maneno ya wakubwa yalipimwa kwa mizani ya dhahabu. Waziri wa Fedha, Brian Lenihan, aliposema mwaka 2010 kwamba sherehe ile ilikuwa ya watu wote, wengi walihisi wametukanwa: mwalimu wa shule ya msingi na muuguzi wa zamu ya usiku waliulizana ni lini walialikwa. Enda Kenny, aliyechukua uongozi mwaka 2011, naye alisema huko Davos mwaka uliofuata kwamba watu walipagawa na mikopo. Sauti ilikuwa ya chama kingine, hoja ilikuwa ileile. Lawama ikigawiwa kila mtu, hapati mtu fungu la kumtosha kuadhibiwa.

Hapa ndipo penye fundo la kisa hiki, na ndipo historia inapotudai subira. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Ireland, katika shauri lililohusu mauaji yaliyofanywa na polisi katika kijiji cha Abbeylara, iliamua kwamba kamati za bunge hazina mamlaka ya kutoa matokeo yanayomtia lawamani raia mmoja mmoja asiye mbunge. Oktoba 2011, miezi minane tu baada ya kukiadhibu vikali chama cha Fianna Fáil kwenye uchaguzi, wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka kulipa bunge mamlaka hayo. Walikataa, kwa zaidi kidogo ya asilimia 53. Hawakuwa wajinga. Waliogopa kuwapa wanasiasa rungu la kuwahukumu watu bila kinga za mahakama, na hofu hiyo ni ya heshima. Lakini uamuzi una gharama yake. Watu waliotaka wakubwa wawajibishwe walikuwa wamelinyima bunge lao chombo cha kuwawajibishia.

Kamati iliyoundwa mwishoni mwa 2014, ikiwa na wajumbe 11 chini ya Ciarán Lynch wa chama cha Labour, ilirithi mikono hiyo iliyofungwa. Uundwaji wake ulichochewa na kanda za simu za maofisa wa Anglo, zilizochapishwa na gazeti la Irish Independent mwaka 2013, ambamo walisikika wakicheka juu ya fedha walizokuwa wakiiomba Benki Kuu. Lakini mambo ya Anglo yaliyokuwa yakielekea mahakamani hayakuweza kuguswa kwa uhuru, na sheria ya usiri ya Benki Kuu ilizuia nyaraka nyingi kutajwa hadharani.

Sasa tunaweza kuelewa kwa nini mwitikio wa watu, mashahidi wakuu walipopita mwezi ule wa Julai, ulihusu sana sura, sauti na mkao. Cowen alihojiwa kwa siku mbili, akatetea dhamana ile kuwa njia iliyokuwa na madhara madogo kuliko nyingine, akabeba wajibu wake na kueleza masikitiko yake kwa shida walizozipata watu. Hata baadhi ya waliomkosoa kwa miaka walikiri kwamba alijibu kwa uzito. Ahern alikuja akiwa mwepesi zaidi, na wepesi huo ndio uliowaudhi watu. Kenny alipofika mwishoni mwa mwezi, wapinzani wake walilalamika kwamba amekigeuza kiti cha ushahidi kuwa jukwaa la kampeni. Wengi walipima nani ameinamisha kichwa na nani hakuinamisha, kama watu wanaotazama msiba na kuhesabu machozi.

Sikusudii kuwadhihaki. Mtu aliyepoteza kazi, au aliyemsindikiza mwanawe uwanja wa ndege kwenda Australia, ana haki ya kutaka kumwona mtawala akijuta. Lakini majuto ni jambo la moyoni, na mwanasiasa aliyekomaa anajua kuyapaka usoni au kuyaficha. Hesabu ni jambo jingine: nani alijua nini, lini, na kwa nini hakuzuia. Kiti cha maswali kisipokuwa na nguvu ya kutoa hesabu, watazamaji hubaki kusoma nyuso. Hicho ndicho kilichonifanya nimwambie kijana yule kwamba swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu.

Taarifa ilitoka Januari 2016. Ilisema hapakuwa na tukio moja wala uamuzi mmoja ulioangusha uchumi, na ikagawa makosa kwa mabenki, wasimamizi na serikali. Wajumbe wawili, Pearse Doherty na Joe Higgins, walikataa kuitia saini. Mwezi mmoja baadaye ukafika uchaguzi mkuu. Fianna Fáil, chama cha Ahern na Cowen kilichokuwa kimeporomoka hadi viti 20 mwaka 2011, kilipanda hadi 44. Chama cha Kenny kikashuka kutoka 76 hadi 50. Ciarán Lynch, mwenyekiti wa uchunguzi, akapoteza kiti chake. Sidai kwamba mahojiano yaliyaleta matokeo hayo. Watu walikuwa wamechoshwa na ubanaji matumizi. Ninachosema ni kwamba hasira iliyoishia kwenye kutazama haikuwa na mahali pa kwenda. Waliofungwa katika mkasa ule walikuwa mabenka, si wanasiasa, na waliwafungwa na mahakama: watatu mwaka 2016, na aliyekuwa mkuu wa Anglo, David Drumm, mwaka 2018. Ahern alikuwa amejitoa chamani mwaka 2012 kwa sababu ya tume nyingine, iliyokataa maelezo yake kuhusu asili ya fedha zake binafsi. Mwaka 2023 alirejeshwa uanachama.

Msomaji wa Nairobi hahitaji kusafiri hadi Dublin kulielewa hili. Tume ya Jaji Samuel Bosire, iliyoundwa mwaka 2003 kuchunguza kashfa ya Goldenberg, iliwavuta watu kwa miezi mingi kuwasikiliza mashahidi wakieleza namna Kenya, nchi isiyo na almasi ya kuuza, ilivyowalipa wafanyabiashara fidia ya kuuza dhahabu na almasi nje. Watu walicheka, wakakasirika, wakazoea. Taarifa ilipotoka mwaka 2006, George Saitoti, aliyekuwa Waziri wa Fedha wakati wa malipo yale, alijiuzulu uwaziri. Miezi michache baadaye Mahakama Kuu ikaamuru yaliyoandikwa dhidi yake yafutwe, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amerejea katika baraza la mawaziri. Mwaka huohuo David Munyakei, karani wa Benki Kuu aliyefichua malipo yale na kufukuzwa kazi kwa ajili hiyo, alifariki akiwa maskini.

Nikiyaweka mawili haya bega kwa bega, siyalinganishi mataifa wala kashfa zenyewe. Dhamana ya Ireland ilikuwa uamuzi wa kisera uliofanywa usiku mmoja wa hofu. Goldenberg ilikuwa uporaji wa miaka. Kinachofanana ni kile kiti. Katika nchi zote mbili umma ulidhani kwamba kumkalisha mkubwa na kumuuliza maswali ni mwanzo wa kumwajibisha, na katika zote mbili sheria ilikuwa na jibu tofauti, lililoandikwa kabla ya swali la kwanza kuulizwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana yule, kwa kuchelewa, ni hili. Walimwita kwa sababu kusema hadharani kuna thamani: leo tunazo kumbukumbu za kiapo zinazoonyesha nani alidai hakujua, na mwanahistoria anazishukuru. Lakini siku tume inapotangazwa kwetu, raia asingoje siku ya mahojiano. Asome hati ya kuiunda. Je, inaweza kutaja majina? Nyaraka zitafunguliwa? Matokeo yake yatapelekwa kwa nani, na huyo analazimika kufanya nini, ndani ya muda gani? Na yule karani aliyefichua, nani anamlinda? Maswali hayo yanachosha wala hayaonyeshwi kwenye televisheni. Yakiachwa, tutabaki kila mara tukibishana kama yule mkubwa aliomba radhi vizuri.