Hekalu Ambalo Halikufuata Msafara

Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858, biashara ya pwani ilikuwa imewatangulia. Nguo na shanga zilizofikishwa mwambao huo, unaopakana na bonde la Ruzizi ambamo kimo kijiji cha Runingu, aghalabu zilikopwa Unguja kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Ushuru wa forodha wa huko ulishikwa na nyumba ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch. Kiswahili na Uislamu vilisafiri na misafara hiyo. Hekalu la Kihindu halikusafiri.

Yasemwa kwamba Wabhatia wenyewe walibaki pwani, tena wengi wao waliwaacha wake zao India. Ni kweli, ila haitoshi. Mwenye kusali msikitini yamtosha kujua kibla na kupata mahali safi. Kuta zaweza kungoja. Hekalu huanzia kwingine. Kwa mujibu wa vastu, elimu ya ujenzi ambayo Varahamihira aliiandikia katika karne ya 6, kiwanja hugawanywa kwanza kuwa miraba 64. Juu yake hudhaniwa amelala Purusha, kiumbe aliyeangushwa na kukandamizwa na miungu, kila mungu akikalia sehemu yake na Brahma akiwa katikati. Hapo hujengwa garbhagriha, yaani chumba cha tumbo la uzazi: kidogo, chenye giza, mlango wake kwa kawaida ukielekea mashariki. Mnara hupanda juu yake mithili ya kilele cha mlima. Sanamu iliyomo hutiwa uhai kwa ibada, kisha huamshwa, huogeshwa na kulishwa kila siku. Sanamu ndogo ya nyumbani yaweza kubebwa na mpagazi. Mkazi wa hekalu huhitaji watumishi wasiohama. Neno letu “hekalu”, ambalo wengi tumelizoea kutoka Biblia, halituonyeshi ukazi huo.

Hata hivyo jiwe husafiri pale jamii inapokaa. Hekalu la Neasden, London, lilifunguliwa mwaka 1995 na jamii yenye wengi waliotoka Afrika Mashariki, wakiwamo waliofukuzwa Uganda mwaka 1972. Chokaa ngumu ya Bulgaria na marumaru ya Italia vilichongwa India, kisha vikaunganishwa London bila kiunzi cha chuma. Mwaka 1999 Nairobi ikapata lake, kwa jiwe la manjano lililotoka Jaisalmer na kupitia pwani ileile iliyowahi kupeleka shanga Uvira.