Pengwini ni ndege kweli? Tumuulize mnandi wa Mwaya

Leo tuache siasa na bei ya kakao kidogo, mada hii ni ya wadogo zetu walioko shuleni. Wakubwa mnaruhusiwa kusoma, ila msijifanye mlikuwa mnajua!

Mpwa wangu wa darasa la sita kaniuliza: "Mjomba, eti pengwini ni ndege au samaki? Mwenzangu kaandika ndege, wakamwambia kakosa." Nilicheka, halafu nikaudhika, maana hata mimi yalinikuta. Shule ya msingi niliyosoma (sitaitaja) tulikaririshwa kwamba ndege ni mnyama mwenye mabawa anayeruka. Siku ya jaribio tukaambiwa tutaje ndege watano. Mimi nikamweka pengwini, niliyekuwa nimemwona kwenye picha ya kalenda. Nikapigwa mkasi. Jirani yangu kwenye dawati aliandika popo. Akapata!

Popo ni mnyama anayenyonyesha, ana vinyweleo na meno, na mabawa yake ni ngozi tupu. Kumbikumbi naye anaruka, mbona hatumwiti ndege? Na mbuni haruki hata siku moja, lakini hakuna anayebisha kwamba ni ndege. Kwa hiyo kuruka si kipimo. Kipimo cha kwanza ni manyoya yenyewe, yale yenye kijiti katikati kama ya kuku. Katika wanyama wote walio hai leo, wenye manyoya hayo ni ndege peke yao. Ongeza mdomo usio na meno, mayai yenye ganda gumu na damu yenye joto lake yenyewe. Pengwini anavyo vyote hivyo. Na hana mashavu ya kupumulia majini kama samaki: anavuta pumzi juu, anazama, na hewa ikimwishia lazima aibuke. Akishindwa kuibuka anakufa maji kama mtu.

Basi, swali la ndege au samaki limekwisha. Swali tamu ni hili: ni ndege wa namna gani huyu, na amefikaje hapo? Kwa hilo sina haja ya kuwapeleka Antaktika. Twendeni Mwaya, ufukweni.

Asubuhi na mapema, wakati wavuvi wanarudi na usipa na jua linachungulia juu ya Milima ya Livingstone, angalia kwenye miti mikavu na mawe karibu na maji. Utaona ndege mkubwa kasimama wima, mgongo mweusi, kifua cheupe pee. Wapo pia wadogo wake wenye mkia mrefu. Huyo ni mnandi. Tulipokuwa watoto tulimwita pengwini wa Kyela, na kwa mbali ungeapa ndiye. Hata uzito unakaribiana: mnandi mkubwa ana kilo mbili hadi tatu hivi, na pengwini wa Afrika (yupo, wa Afrika Kusini na Namibia) ana kati ya kilo mbili na tatu na nusu. Wote wawili wanazama na kufukuza samaki chini ya maji. Lakini si ndugu wa karibu. Kazi tu ndiyo imewafananisha.

Sasa mtazame mnandi anapozama. Mabawa anayabana ubavuni, miguu ndiyo inayopiga maji. Vidole vyake vyote vinne vimeunganishwa kwa ngozi, tofauti na bata ambaye ngozi yake inaunganisha vidole vitatu vya mbele tu. Ni kama mtu anayepiga kafi mbili nyuma ya mtumbwi. Mara nyingi anashuka mita chache tu, anakamata, anaibuka na samaki mdomoni, anamgeuza kichwa kwanza na kummeza.

Pengwini anafanya kinyume kabisa. Miguu anaiburuza nyuma kama usukani, kinachofanya kazi ni mabawa. Yaani pengwini anaruka, ila anarukia ndani ya maji! Ukimpasua (msijaribu) utakuta kwenye kidari mfupa uliochongoka kama mkuku wa mashua, na misuli mikubwa imeshikamana nao, kama alivyo njiwa. Mbuni mfupa huo uliochongoka hana, kifua chake ni bapa. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, wanawaweka mbuni na pengwini kapu moja la "ndege wasioruka". Mbuni aliacha kuruka akategemea miguu. Pengwini hakuacha, alihama hewani akaenda majini na vifaa vyake vyote.

Ila vifaa ilibidi avichonge upya. Bawa lake ni fupi, gumu, mifupa imekuwa bapa na viungo havikunjiki, kama ubao wa kafi. Mifupa ya mwili, ambayo kwa ndege wengi waruka angani ina nafasi za hewa ndani, kwake imejaa na ni mizito, ili asielee kama kizibo. Misuli yake ni myeusi kwa sababu imejaa protini inayoshika oksijeni, ndiyo akiba anayozama nayo. Miguu imesogezwa nyuma kabisa, ndiyo maana nchi kavu anatembea wima akiyumba kama bibi harusi wa Kinyakyusa aliyevalishwa viatu vidogo.

Kwa nini asibaki na vyote viwili, kuruka angani na kuzama? Hili ndilo lililonifanya niandike. Mwaka 2013 watafiti walichapisha vipimo vya ndege wawili wa bahari za kaskazini. Mmoja ana mabawa mafupi anayoyatumia hewani na majini pia, mwingine ni jamaa wa mnandi wetu. Yule wa mabawa mafupi akiwa angani alikuwa anatumia nguvu takriban mara 31 ya anayotumia akiwa amepumzika! Bawa linalofaa maji ni baya hewani, na linalofaa hewa ni bovu majini. Ukilifupisha ili uzame vizuri, kuruka kunakuwa ghali mpaka kufikia hatua ambayo haulipi tena. Pengwini wa kale walivuka mstari huo zamani mno. Mifupa ya pengwini iliyopatikana New Zealand ina umri wa zaidi ya miaka milioni 60, na tayari wenyewe walikuwa hawaruki. Mnandi amebaki upande huu wa mstari. Anaruka, lakini mtazame anavyohangaika kunyanyuka juu ya maji, anapiga mbio na miguu kwanza.

Na malipo ya pengwini yakoje? Yule mkubwa kuliko wote waliopo, pengwini kaizari wa Antaktika mwenye zaidi ya mita moja na kilo hadi 40, amepimwa akizama zaidi ya mita 500. Ziwa letu sehemu ya kina kirefu kabisa ni kama mita 700. Mnandi hata kuota ndoto hiyo hawezi.

Tofauti nyingine kila mtoto wa ufukweni ameiona bila kujua ameiona. Mnandi akitoka majini anasimama na kutandaza mabawa kama mtu aliyeanika shati. Manyoya yake ya nje yanalowa. Hiyo inamsaidia kuzama kirahisi, maana haelei na hewa nyingi, lakini lazima akauke. Pengwini haaniki kitu. Manyoya yake ni mafupi, magumu, yamebanana kama vigae vya nyumba, anayapaka mafuta kutoka kwenye tezi iliyo juu ya mkia, na chini yake hewa inabaki imenaswa. Maji hayafiki kwenye ngozi.

Ndiyo maana mafuta machafu baharini ni kifo kwake. Juni 2000 meli iitwayo Treasure ilizama karibu na Cape Town, na pengwini kama 19,000 walipakaa mafuta. Manyoya yakishikana, maji baridi yanaingia. Watu walijitolea kuwaosha mmoja mmoja. Wengine kama 19,500 ambao walikuwa bado safi walipakiwa kwenye malori, wakapelekwa Port Elizabeth (siku hizi Gqeberha), mamia ya kilomita mbali, wakaachiwa warudi kwa kuogelea wakati bahari ya kwao inasafishwa. Na walirudi! Watatu walifungwa vyombo vya kufuatiliwa kwa setilaiti, wakapewa majina Peter, Percy na Pamela.

Jambo jingine ni kubadilisha manyoya. Kuku au mnandi huangusha kidogo kidogo, huku maisha yanaendelea. Pengwini huyaangusha yote kwa mpigo mmoja, anaonekana kama godoro lililopasuka. Kwa pengwini wa Afrika ni kama wiki tatu, na muda wote huo hawezi kuingia majini, maana hana koti. Kwa hiyo hali chochote. Anakula kwanza mpaka ananenepa, halafu anafunga. Kama samaki walikuwa wachache kabla ya kufunga, hamalizi.

Mpwa wangu akauliza tena: basi kwa nini hawapo kwetu, ni joto? Si joto la nchi. Wapo pengwini visiwa vya Galapagos, kwenye ikweta kabisa, mstari uleule unaopita Kenya na Uganda. Lakini kule kuna maji baridi yanayopanda kutoka chini ya bahari, yenye samaki wadogo tele. Upande wa Namibia vilevile, mkondo wa Benguela ni baridi. Ziwa Nyasa juu ni nyuzi 23 hadi 28, maji ya kuoga. Na hakuna njia ya kulifikia kwa kiumbe ambaye safari zake zote ni za baharini. Halafu fikiria ndege asiyeruka anayetaga chini, hapa kwetu penye mamba, kenge na fisi maji. Asingemaliza wiki! Mnandi anatengeneza tundu juu ya mti au kwenye mwamba, na ukimsogelea anaondoka zake. Kuruka kunamlipa.

Sasa kuna jambo linalowaunganisha ambalo halipendezi. Huyu pengwini wa Afrika mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa zaidi ya milioni moja. Leo jozi zinazozaa hazifiki 10,000. Kwanza watu walichukua mayai, wakachimba na mbolea ya kinyesi ambayo ndege hawa walichimbia mashimo ya kutagia. Siku hizi tatizo kubwa ni chakula: anategemea sadini na samaki wengine wadogo wa jamii ya dagaa, na meli za uvuvi zinawataka haohao. Oktoba 2024 aliingizwa kwenye kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Machi 2025 mahakama huko Afrika Kusini iliamuru uvuvi wa samaki hao uzuiwe kwa miaka kumi kuzunguka maeneo sita wanakozalia.

Mnandi wetu hajafika huko hata kidogo. Lakini na yeye anakula samaki wadogo tunaowavua, na mara nyingine anazama akinyemelea samaki waliokwisha nasa kwenye nyavu, ananasa na yeye, anakufa humohumo. Nimewasikia wavuvi wakimwita mwizi. Siwalaumu, wavu ukichanika ni hela. Ila pengwini akikosa sadini hawezi kuruka kwenda bahari nyingine kuonja bahati, anategemea mabawa yaleyale ya kuogelea na umbali yanaoweza kumfikisha. Mnandi akikosa usipa Mwaya atanyanyuka, atakwenda Matema, au ng'ambo Malawi.

Nimemjibu mpwa wangu hivi: mwambie mwenzako arudishe karatasi kwa mwalimu, kwa adabu, amuulize popo ana manyoya ya namna gani. Bado nasubiri majibu.

Na ninyi wa Mwaya, Ngonga na Matema, naomba msaada: wazee wa Kinyakyusa na Wakisi wanamwitaje huyu mnandi mwenye kifua cheupe, na yule mdogo mwenye mkia mrefu wana jina lake au wote ni mmoja? Wekeni hapo chini.