Nyumba yenye kisima jikoni: Hapa ndipo walipofichwa watu waliotoroka utumwa

Ukiitazama kwa nje, ni nyumba ya kawaida tu ya matofali katika mji mdogo wa Fountain City, jimbo la Indiana, Marekani. Shuka sasa hadi jiko la chini. Kuna kisima humo ndani! Kingekuwa uani, majirani wangeona maji mengi yanavyochotwa na kuanza kujiuliza: kwani humo wanakaa watu wangapi?

Ni nyumba ya Levi Coffin na mkewe Catharine, iliyojengwa 1839. Wote wawili walikuwa Quaker, dhehebu ambalo Wakenya wanalijua kama Kanisa la Friends. Walihamia hapa 1826 kutoka North Carolina, mji ukiitwa bado Newport.

Indiana ilikataza utumwa, lakini ng'ambo ya Mto Ohio, huko Kentucky, watu waliuzwa kama mali. Na kuvuka mto hakukutosha. Sheria ya 1793 ilimruhusu mwenye watumwa kuwafuata hadi majimbo huru, na aliyewaficha alitozwa faini ya dola 500, pesa nyingi sana enzi hizo.

Weusi huru wa Newport walikuwa wameshaanza kuwaficha wakimbizi, ila wengi walikamatwa tena. Levi, mwenye duka na jina mjini, akafungua mlango wake. Mtu akigonga usiku, Catharine anaamka, anawasha moto, anapika. Ghorofani kuna kijimlango kifupi cha kuingilia darini. Kitanda kikisogezwa mbele yake, basi, huoni kitu. Wakishapumzika, safari ya Canada inaendelea.

Kwa hesabu ya Levi mwenyewe, walipita zaidi ya watu 100 kwa mwaka.

Pengine kilichouma zaidi kilitoka kanisani. Viongozi wa Quaker wa Indiana, waliosema utumwa ni dhambi, waliwaonya waumini wasijiunge na vyama vya kuupinga. Akina Coffin hawakukubali. Mwaka 1843 wao na wenzao wakaanzisha jumuiya yao.

Mwaka 1847 walihamia Cincinnati, ambako Levi aliuza bidhaa ambazo hazikutokana na jasho la watumwa. Nyumba ya Indiana sasa ni makumbusho, na wageni huoneshwa pia gari la farasi lenye sakafu mbili: juu mizigo, chini watu.