Shuka, Nguo na Utii

Katika maandishi ya Kijapani iko alama moja, 服, isomwayo *fuku*, ambayo maana yake ni nguo. Lakini alama hiyo hiyo huingia katika maneno ya namna nyingine. *Fukujū* ni utii; *fukuyō* ni kunywa dawa. Tena neno *seifuku* laandikwa kwa njia mbili, na alama hii i mwishoni mwa zote mbili: moja maana yake ni sare, ya pili ni kuishinda nchi. Msomaji aweza kuuliza, nguo na utii zina udugu gani? Jibu lapatikana hata Engaresero, chini ya mlima Oldoinyo Lengai, karibu na ziwa Natron.

Wamasai wa huko hujitanda shuka, na wageni wengi husema kwamba hilo ndilo vazi la mababu zao tangu asili. Neno lenyewe lakataa. Shuka ni neno la Kiarabu, maana yake kipande cha kitambaa. Na katika misafara ya zamani lilikuwa jina la kipimo, yaani mikono 4. Shuka 2 zilifanya doti 1. Kwa vipimo hivyo hongo ililipwa na chakula kilinunuliwa, maana nguo ilikuwa fedha ya bara. Iliyotakwa sana ni marekani, iliyoletwa Unguja kutoka Salem, Massachusetts, hasa baada ya mapatano ya Sayyid Said na Wamarekani ya mwaka 1833. Vita vya Marekani vya 1861 hata 1865 vilipoizuia biashara hiyo, vitambaa vya Uingereza na vya Bara Hindi vilishika mahali pake, lakini jina la marekani lilidumu. Wamasai wenyewe hapo kwanza walivaa ngozi. Na kitambaa kilichozifuata wakakiita *olkarasha*.

Basi kipimo kikawa vazi, na vazi likawa desturi. Kisha ikaja amri. Mwishoni mwa 1967 na katika 1968 serikali ya Tanzania iliwataka Wamasai waache shuka na ngeu, wavae suruali, mashati na magauni. Aliyejitanda shuka alihesabiwa kama mtu asiye na nguo. Ndipo udugu wa nguo na utii ulipodhihirika. Wengi hawakuacha, na shuka yaonekana hata leo.

Wajapani nao waliona jambo lifananalo na hilo. Mwaka 1872 serikali yao iliamuru mavazi ya sherehe ya maofisa yawe ya Kizungu. Mavazi ya wenyeji, yaliyokuwa nguo tu, yakapewa jina *wafuku*, nguo za Kijapani, ili yatengwe na *yōfuku*, nguo za Kizungu.

Kwa hiyo twawasihi walimu wapime maneno yao. Ukimwambia mtoto aliyejitanda shuka, “Nenda kavae nguo,” umemwambia kwamba mama yake alimtoa nyumbani uchi. Kama wataka shati, sema shati. Kama ni sare, sema sare. Wala tusiisifu shuka kana kwamba haikubadilika tangu kale, kwa kuwa neno lenyewe lashuhudia lilikotoka. Sare mtoto ataivaa, na utii atajifunza. Lakini jina la nguo tusiinyang’anye shuka ya mama yake.