Katekisimu Ndogo na Lugha ya Nyumbani
Ukaguzi wa sharika za Saxony mwaka 1528 ulimfadhaisha Martin Luther: wanavijiji wengi, hata baadhi ya wachungaji, hawakuyajua mafundisho ya msingi. Mwaka uliofuata alitoa Katekisimu Ndogo, yenye maswali na majibu mafupi, akimkabidhi baba wa nyumba kazi ya ualimu. Huko Kilimanjaro, Bruno Gutmann wa misheni ya Leipzig alikitetea Kichaga kuwa lugha ya mafundisho hayo, na vijana wa kipaimara akawafunga wawili wawili kwa undugu wa ngao. Sisi watafiti wa Kiswahili hulipita jambo hili haraka mno. Kiswahili kiliposhika nafasi hiyo, kilichopungua hakikuwa Kichaga tu: mafunzo yalizidi kuwa ya darasani, mbali na nyumba aliyoikusudia Luther.