Asili ya Soksi za Mkono

Sisi watu wa Sale tumezoea kwenda na katambuga, na kondoo wekundu wa Wamasai, jirani zetu, wana manyoya mafupi tu, si sufu ya kusokotwa uzi. Kwa hiyo wengi hudhani ya kuwa soksi ni kitu cha Wazungu tangu mwanzo. Sivyo.

Katika nchi ya Misri, humu humu Afrika, palikuwa na mji jina lake Oxyrhynchus, wenye makanisa na watawa wengi. Mwishoni mwa karne ya 19 wataalamu walichimba huko, wakapata mafunjo mengi ya kale, na mengine yalikuwa na maneno ya Injili. Katika makaburi ya mji huo zilionekana pia soksi nyekundu za sufu, za karne ya 3 hata ya 5 hivi, nazo zimehifadhiwa London. Kidole gumba kimetengwa peke yake, ili kamba ya kiatu ipate kupita. Zilifanywa kwa sindano moja yenye tundu, kitanzi baada ya kitanzi. Basi aliyezifanya alivijua viatu vya kamba.

Kufuma kwa sindano ndefu zisizo na tundu kulikuja baadaye, kukaenea hata Ulaya. Mwaka 1589 William Lee, Mwingereza, alibuni mashine ya kufumia soksi. Tangu hapo mashine zikaongezeka, na mkono ukashindwa kwa wingi na kwa haraka. Lakini kuna jambo moja ambalo mashine haikuliweza: haimjui mvaaji. Afumaye zawadi hupima unyayo wa mtu mmoja, naye hukaa na mtu huyo moyoni siku nyingi, mpaka kisigino kigeuzwe na ncha ya vidole ifungwe.

Vita vilipoanza mwaka 1914, Lord Kitchener alimwomba Malkia Mary wanawake wawape askari mikanda ya tumbo 300,000 na soksi jozi 300,000. Katika mahandaki yenye maji miguu ya askari ilivimba na kuoza, na soksi kavu ya sufu ilikuwa kinga yao. Ilikuwa kazi njema.

Lakini vita vile vile vilifika kwetu. Wapagazi wa Waingereza, waitwao Carrier Corps, ambao jina lao limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam, walichukua mizigo bila viatu, wakaliwa na funza na kupata vidonda. Hata kwa hesabu ya serikali walikufa zaidi ya 40,000, wengi wao kwa maradhi. Zawadi ile ya Malkia ilikusudiwa askari wa Ulaya, mpagazi hakuwamo.

Tusiwalaumu wale wanawake, maana kila mtu humfumia yule amwonaye. Neno zito ni hilo: mkono haufiki asikofika moyo. Dorkasi wa Yafa aliwashonea wajane nguo, kwa kuwa aliwaona. Basi nasi, tufumapo au tushonapo zawadi, yatupasa kuuliza kwanza: Ni nani katika kijiji chetu ambaye hapana mtu aliyewahi kuupima mguu wake? Tuanze na huyo.