Shamba lako kwenye ramani ya simu: mpaka unavyochorwa, na namna ya kuukagua kabla ya kusaini

Siku hizi si ajabu kumwona bwana shamba, kijana wa mradi au karani wa chama cha ushirika akizunguka shamba huku ameshika simu. Anafika kwenye kona, anasimama, anabonyeza, anaendelea. Baada ya muda anakuonyesha umbo la rangi juu ya picha ya setelaiti na kusema kuwa hilo ndilo shamba lako.

Umbo hilo huitwa poligoni. Linaweza kuingia kwenye hati yako ya ardhi, kwenye ramani ya kijiji au kwenye orodha ya mnunuzi wa kahawa. Likichorwa vizuri, linakulinda. Likikosewa, kipande cha shamba kinaweza kuonekana ni cha jirani, au mazao yako yakaonekana yametoka msituni. Makala hii inaeleza poligoni hutengenezwaje, makosa huingilia wapi, na wewe mwenye shamba ukague nini.

Poligoni ni nini?

Chukua kamba, izungushe shamba lako kutoka kona hadi kona, kisha uifunge pale ulipoanzia. Poligoni ni kitu kama hicho, ila badala ya kamba kuna orodha ya pointi. Kila pointi ina namba mbili zinazoitwa majiranukta. Latitudo inaeleza uko umbali gani kaskazini au kusini mwa ikweta, na longitudo inaeleza uko wapi upande wa mashariki au magharibi. Programu ya ramani huunganisha pointi hizo kwa kufuata mpangilio wake, hurudi kwenye pointi ya kwanza, kisha hukokotoa ukubwa wa eneo lililo ndani.

Poligoni huambatana na maelezo: jina la mmiliki, namba ya kipande, zao, majina ya wanaopakana. Mchoro bila maelezo hauna mwenyewe, na maelezo yaliyobandikwa kwenye mchoro usio wake ni hatari zaidi. Ndiyo maana ni lazima usomewe vyote viwili.

Simu inajuaje ulipo?

Simu hupokea mawimbi kutoka kwenye setelaiti zilizoko angani na kupiga hesabu ya mahali ilipo. Kazi hiyo haihitaji vocha wala bando. Intaneti inahitajika kwa kupakua picha ya ramani au kutuma data, lakini pointi zinaweza kuchukuliwa hata mahali pasipo na mtandao.

Ila simu haionyeshi mahali kamili. Mahali pa wazi, simu ya kawaida hukosea kwa takriban meta 5. Chini ya miti mikubwa, katika bonde jembamba au kando ya jengo, kosa huongezeka. Ekari moja ni takriban meta za mraba 4,047. Ikiwa upande mmja wa shamba una urefu wa meta 100 na mstari umesogea ndani kwa meta 5, umepoteza meta za mraba 500, yaani karibu sehemu ya nane ya ekari. Kwa mwenye ekari mbili, hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo mpimaji asibonyeze huku anatembea. Asimame kwenye kona, asubiri hadi namba ya usahihi inayoonyeshwa na programu itulie, ndipo achukue pointi. Penye mgogoro au ardhi ya thamani kubwa, simu haitoshi. Hapo anahitajika mpima ardhi mwenye kifaa chenye usahihi mkubwa zaidi.

Usidanganywe pia na wingi wa tarakimu. Digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111. Tarakimu ya nne baada ya nukta ni kama meta 11, ya tano ni kama meta 1, na ya sita ni kama sentimeta 11. Simu inaweza kuandika tarakimu sita hata pale ambapo imekosea kwa meta 10.

Makosa yanayotokea mara nyingi

Pointi kutofuatana. Mpimaji akichukua kona ya kwanza, kisha ya tatu, kisha ya pili, mistari inakatana na umbo linakuwa kama mbawa za kipepeo. Ukubwa unaokokotolewa hapo si wa kweli.

Kona kurukwa. Shamba lenye mpaka uliopinda kufuata mto au korongo likichukuliwa kwa kona nne tu, mstari ulionyooka utakata ndani ya shamba lako au utaingia la mwenzako. Penye kupinda, zichukuliwe pointi nyingi zaidi.

Namba kubadilishana nafasi. Baadhi ya programu huanza na latitudo, nyingine huanza na longitudo. Mji wa Iringa uko karibu na latitudo -7.77 na longitudo 35.69. Ukizigeuza namba hizo, unajikuta katika Bahari ya Atlantiki, karibu na Morocco. Ukisahau alama ya kutoa, unajikuta Ethiopia. Kosa la namna hii huonekana mara moja ukifungua ramani, lakini lazima mtu aifungue.

Mifumo miwili tofauti. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilichorwa kwa mfumo unaoitwa Arc 1960, na simu hutumia mfumo wa WGS84. Namba za mfumo mmoja zikiwekwa kwenye mwingine bila kubadilishwa, kila kitu husogea kwa karibu meta 300. Kijiji kizima kinaweza kuonekana kimeingia kwenye hifadhi, kumbe hakuna aliyevuka mpaka.

Faili kupotea njiani. Aina moja ya faili za ramani inayotumika sana, shapefile, kwa kweli ni mafaili kadhaa yanayokwenda pamoja. Lenye mwisho wa .prj ndilo linaloeleza mfumo uliotumika. Karani akituma moja tu kwa simu, anayepokea hawezi kulifungua vizuri au atakisia mfumo. Yafungwe pamoja ndipo yatumwe.

Kilima. Ramani hupima ardhi kama imelazwa bapa. Kwenye mteremko wa digrii 30, meta 100 ulizopima kwa kamba juu ya ardhi huwa kama meta 87 kwenye ramani. Mkulima wa milimani akiona ekari zimepungua, si lazima awe ameibiwa. Aulize kwanza.

Shamba lenye vipande au lenye tundu. Vipande viwili vilivyotenganishwa na barabara vichorwe viwili. Na kama katikati ya shamba kuna makaburi ya ukoo au shule, sehemu hiyo itolewe ndani ya umbo, la sivyo itahesabiwa kuwa ni sehemu ya shamba.

Mpaka mmoja utembelewe mara moja

Tatizo kubwa kuliko yote huanzia kwa majirani wawili wanaopimiwa siku tofauti. Mpaka ni uleule, lakini simu ilikosea meta 4 upande huu na meta 3 upande ule. Kwenye ramani, mashamba yanapandana au yanaacha ukanda usio na mwenyewe. Kompyuta itaonyesha mgogoro ambao haukuwepo, au itaficha uliokuwepo.

Dawa yake ni rahisi. Majirani wote wawili wawepo, watembee mpaka pamoja na mpimaji, na pointi zilezile zitumike kwa mashamba yote mawili. Programu kama QGIS, ambayo ni ya bure, inaweza kukagua ramani nzima na kuonyesha palipopandana na palipobaki wazi. Lakini haiwezi kuamua nani mwenye haki. Hilo ni la majirani, wazee wanaoujua mpaka, na vyombo vya kijiji.

Poligoni na hati ya kimila

Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inamwezesha mwanakijiji kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na inaipa haki hiyo hadhi sawa na hakimiliki ya kupewa. Upimaji kwa simu umetumika katika kazi hiyo. Mfano unaojulikana ni wa vijiji vya Wilaya ya Iringa, kikiwemo Ilalasimba, ambako programu ya simu iitwayo MAST ilitumiwa na vijana wa kijiji kuchukua mipaka na majina ya wamiliki.

Katika kazi ya namna hiyo, ramani na orodha ya majina huwekwa hadharani ili watu wakague. Hapo ndipo pa kusema, kwa sababu kosa husahihishwa kwa urahisi kabla hati haijachapishwa. Baada ya hapo kuna safari, barua na mabaraza. Kagua pia majina: kama shamba ni la mume na mke, majina yote mawili yawepo. Mjane ambaye jina lake halikuandikwa atapata shida kutetea mpaka uliochorwa vizuri kabisa.

Kahawa na soko la Ulaya

Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 2023/1115 inataka kahawa, kakao na mazao mengine kadhaa yanayouzwa huko yasitoke kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Muda wa kuanza kuitekeleza umesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wamekuwa wakikusanya majiranukta ya mashamba. Kwa shamba linalozidi hekta 4, karibu ekari 10, inatakiwa poligoni. Kwa shamba dogo zaidi, pointi moja inakubalika.

Hapa mstari uliochorwa kwa haraka unaweza kuumiza. Poligoni ikiingia msituni kwa meta kadhaa, na msitu huo ukawa umekatwa na mtu mwingine, kahawa yako inaweza kutiliwa shaka. Kulikagua umbo ni sehemu ya kulinda bei yako.

Kabla ya kusaini, fanya haya

1. Tembea na mpimaji mpaka wote, usimwache peke yake.
2. Waite wanaopakana nawe. Mtu akiwa safarini, amtume mwakilishi anayeujua mpaka.
3. Omba uonyeshwe umbo juu ya picha ya setelaiti. Tafuta mti, nyumba, njia au mto unaoujua, uone kama mstari unapita mahali pake.
4. Uliza ukubwa kwa ekari, ulinganishe na unaoujua. Tofauti ikiwa kubwa, pimeni tena.
5. Hakikisha majina, namba ya kipande na majina ya majirani yameandikwa sawasawa.
6. Uliza data itatumika kwa kazi gani, nani ataitunza na nani ataiona.
7. Omba nakala ya mchoro na majiranukta yake, kwenye karatasi au kwenye simu yako, uitunze pamoja na nyaraka zako nyingine.

Na alama za mpaka zilizoko ardhini, iwe ni bikoni, minyaa au mawe, ziendelee kutunzwa. Simu ikipotea na kompyuta ikiharibika, hizo ndizo ambazo wewe na jirani yako mtazirudia.